Maswali na majibu: rimu, springi na kushusha gari dogo kwa barabara za Dodoma

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja: gari dogo likae chini, rimu zijae kwenye fenda, na bado lifike nyumbani bila kukwangua. Nyumbani kwenyewe, kwa wakazi wengi wa Nzuguni, Nkuhungu, Ihumwa au Mkonze, ni lami mpaka kona fulani, halafu vumbi, makorongo madogo na mawe mpaka getini. Kabla hujaulizia bei ya kitu chochote, kipite kipande hicho ukiwa na futi mkononi.

Nina IST ya toleo la kwanza. Karatasi ya mlangoni imeandikwa 175/65R14. Nataka rimu za spoti ila nimechanganyikiwa kati ya 15, 16 na 17. Nichukue ipi? (Msomaji, Nzuguni)

Chukua 15, na hesabu yake ni hii. Kipenyo cha tairi unakipata kwa kuzidisha upana (namba ya kwanza) kwa asilimia ya ukuta, yaani ubavu wa tairi (namba ya pili), mara mbili, kisha unajumlisha rimu ukiwa umeigeuza kuwa milimita (inchi moja ni 25.4). Tairi yako: 175 × 0.65 × 2 ni 227.5. Rimu ya 14 ni 355.6. Jumla, milimita 583. Tairi mpya isiachane na kipimo hicho kwa zaidi ya asilimia 2 hivi, la sivyo spidomita inasema uongo na mpira unaanza kugusa fenda.

Kwenye rimu ya 15, tairi ya 185/55R15 inatoa 584.5, karibu sawa kabisa na ya kiwandani, na 195/50R15 inatoa 576. Kwenye 16, 195/45R16 inatoa 582. Kwenye 17, 205/40R17 inafika 596, imeshavuka. Kwa kipenyo peke yake, basi, hata 16 inafaa. Shida ipo kwenye ukuta wa mpira. Tairi yako ya sasa ina ukuta wa milimita 114. Ile 185/55R15 inabaki na 102, 195/45R16 inabaki na 88, na 205/40R17 inabaki na 82. Ukuta ndio unaomeza jiwe na ukingo wa shimo kabla pigo halijafika kwenye rimu. Ukishusha gari, springi nayo inapungukiwa nafasi ya kucheza, kwa hiyo unaondoa kinga mbili kwa mkupuo. Rimu ya 17 kwenye barabara za mitaani baada ya mvua za Januari hupinda mdomo wa ndani, upande usiouona, na mwenyewe unakuja kujua pale tairi inapokutwa imepungua upepo kila asubuhi.

Ukiamua 16 hata hivyo, angalia namba ya uzito ubavuni. 82, ya tairi ya kiwandani kama yako, maana yake tairi moja inabeba kilo 475. Nyingi za 195/45R16 zina 80, yaani kilo 450. Tafuta yenye 84 na alama ya XL (tairi iliyoimarishwa), hiyo inabeba 500. Kwa tairi za mtumba soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la Dodoma linakausha mpira hata wa gari linaloshinda limeegeshwa. Tairi iliyopita miaka sita tunashauri uiache hata kama haijawa kipara. Ikunje kidogo kwa kidole kati ya mifereji, utaona nyufa.

Rimu zenyewe, kama ni za mtumba kutoka Japani, zitazame kwa ndani kama zina alama ya JWL, ya kiwango cha ubora wa rimu cha Japani. Rimu iliyochomelewa kwenye mkono au kwenye pipa lake, usiinunue kwa bei yoyote.

Nimeuziwa rimu za 15 zenye 7J na ET35, tundu nne kwa 100. Zangu za zamani zimeandikwa 5½J, ET45. Gari ni Vitz na nataka kulishusha. Zitaingia? (Msomaji, Singida)

Tundu zinakubali: Vitz ni 4×100, yaani tundu nne kwenye duara la milimita 100. Nafasi ndiyo ya kupigia hesabu. Upana (namba ya J) umeongezeka inchi moja na nusu, yaani milimita 38, na nusu yake, 19, inakwenda kila upande. Ofseti (ile ET, milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso wake wa kufungia) imeshuka kutoka 45 hadi 35, hivyo rimu nzima imesogea nje milimita 10. Kwa nje, 19 + 10: rimu itatokeza milimita 29 zaidi ya ile ya zamani. Kwa ndani, 19 − 10: itasogelea shokapu kwa milimita 9.

Ndani kwa kawaida utapona, mradi ibaki nafasi ya milimita 5 hivi kati ya shokapu na mpira. Nje, milimita 29 kwenye gari dogo lililoshushwa ni nyingi. Nyuma ndiko kutakakogusa kwanza, kwa sababu mhimili wa nyuma wa Vitz na IST ni bomba moja linalopanda moja kwa moja juu. Tairi hailali kwa ndani inapopanda kama ya mbele. Watu watatu wakikaa nyuma, mkunjo wa fenda unachana ukuta wa tairi. Kama muuzaji anakubali kubadilisha, tafuta 6½J yenye ET40 mpaka 45. Ikiwa ET40, kwa nje utaongeza milimita 18 tu.

Usiridhike na kuifunga rimu na kuitazama gari likiwa limesimama. Njia ya uhakika ni kutoa springi upande mmoja, kurudisha shokapu peke yake ikiwa na mpira wake wa kikomo, kufunga rimu yenye tairi, kisha kupandisha kwa jeki chini ya mkono wa chini mpaka mpira wa kikomo ubanwe. Hapo zungusha steringi kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, na uchungulie kwa tochi: ukingo wa fenda, plastiki ya ndani, kona ya bampa, mpira wa breki. Pale palipogusa sasa ndipo patakapogusa kwenye tuta. Kazi hii inachukua saa moja na inaokoa tairi nne.

Kuhusu spesa (sahani ya chuma inayowekwa nyuma ya rimu): kama rimu imeingia mno ndani na unataka kuisogeza nje, hesabu mizunguko ya nati kwenye stadi, yaani bolti za gurudumu. Stadi za Toyota hizi ni milimita 12 zenye hatua ya 1.5, nati ikishika chini ya mizunguko minane kamili, spesa hiyo ni nene mno kwa stadi ulizonazo.

Fundi anasema atakata koili moja na nusu kila springi na gari litakuwa chini leo hii. Bei yake ni ndogo sana kuliko springi mpya. Nikubali? (Msomaji, Chang'ombe)

Hapana. Na tueleze kwa nini, maana jibu hili linatolewa mara nyingi bila sababu na watu wanaendelea kukata.

Ncha ya springi ya kiwandani imetengenezwa ikae kwenye kikombe chake. Ukiikata, ncha iliyobaki haina umbo hilo, inakaa kwa sehemu moja tu, na uzito wote unaegemea hapo. Pili, springi inakuwa fupi kuliko nafasi yake. Gurudumu likining'inia, kwa mfano upande mmoja ukiingia korongoni, springi inalegea kabisa na kucheza. Likirudi chini, inaweza kukaa pasipo pake. Ukisikia mlio wa "kang" kila ukitoka kwenye tuta, ndiyo hiyo. Tatu, springi iliyopunguzwa koili inakuwa ngumu zaidi, lakini shokapu ni ileile iliyopimwa kwa springi laini, kwa hiyo gari linadunda na shokapu inakufa mapema. Na kama atakata kwa gesi, ni mbaya zaidi: moto unaharibu ugumu wa chuma karibu na pale alipokata, springi inaendelea kushuka yenyewe kwa wiki kadhaa, kila upande kwa kiasi chake.

Nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa modeli yako, zinazoshusha milimita 25 mpaka 35. Kwa Dodoma tungekaa kwenye 30. Shokapu kama zimeshatembea sana au zina mafuta ubavuni, badilisha kwa pamoja, kwa jozi, pamoja na beringi za juu na mipira ya vumbi.

Wakati wa kufunga simama karibu na uangalie mambo haya. Gari liwe juu ya stendi, sio jeki peke yake. Springi ibanwe kwa vibanio viwili vinavyotazamana. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua mtu. Kipimo cha urefu kichukuliwe kabla na baada, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda, kwa sababu kupima kutoka chini kunachanganya mabadiliko ya tairi na ya springi. Nati ya juu ya shokapu isikazwe kwa mashine ya upepo, fimbo inazunguka na kuharibu sili ya ndani. Mpira wa vumbi usiachwe benchi: vumbi letu jekundu likigandamana na fimbo linakata sili kama msasa, na miezi michache baadaye shokapu inavuja.

Halafu hili ambalo gereji nyingi zinaruka. Bolti za bushi za mkono wa chini, na za mhimili wa nyuma, zilegezwe na zikazwe upya gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikiachwa zilivyokazwa kwenye urefu wa zamani, mpira wa bushi unabaki umesokotwa muda wote na unachanika.

Nikiwa na fedha, koiloova ni bora kuliko springi fupi? Ninaishi Ihumwa, kilomita mbili za vumbi kila siku. (Msomaji)

Kwa matumizi yako, springi fupi na shokapu nzuri. Koiloova (springi na shokapu vilivyounganishwa, zenye nyuzi za kubadilisha urefu) faida yake ni kurekebisha urefu, na wewe utarekebisha mara moja tu: juu. Ukizinunua hata hivyo, chagua aina ambayo urefu unabadilishwa kwa kuzungusha kikombe cha chini cha shokapu, ili springi isipoteze mbano wake wala shokapu isipoteze safari yake. Zile ambazo unashusha kwa kulegeza springi tu, ukizishusha sana springi inacheza kama iliyokatwa. Nyuzi zake zisafishwe kwa brashi kavu kila mwezi kiangazi. Vumbi likichanganyika na grisi linageuka udongo mgumu na ringi hazizunguki tena.

Baada ya kushusha, gari likiwa na dereva na tangi limejaa, pima sehemu ya chini kabisa, mara nyingi ni bomba la ekzosi. Chini ya milimita 120 utakwangua matuta ya kawaida. Na taa zirekebishwe: nyuma ikishuka kuliko mbele, mwanga unapanda, na usiku barabara ya Morogoro unamtia upofu dereva wa lori anayekuja.

Tangu nifunge rimu mpya usukani unatetemeka kati ya 80 na 100. Nimebalansi mara mbili. Gari ni Honda Fit. (Msomaji, Area C)

Balansi haitakusaidia kama rimu haikai katikati. Duara la kati la habu ya Fit (kitovu ambacho rimu hukaa juu yake) ni milimita 56.1; rimu nyingi za spoti zina tundu la 73.1 ili ziingie magari mengi. Nafasi hiyo inatakiwa kuzibwa kwa ringi ya nje 73.1, ndani 56.1. Ringi ya Toyota, yenye 54.1 kwa ndani, haitaingia kwenye habu yako, kwa hiyo usikubali kuambiwa zote ni sawa.

La pili na la hatari zaidi ni nati. Nati za kiwandani za Honda zina kitako cha mviringo kama mpira, wakati rimu za spoti karibu zote zinataka kitako cha koni ya nyuzi 60. Nati ya kitako cha mviringo kwenye koni inashika kwa mstari mwembamba tu, inalegea yenyewe. Nunua nati za koni, 12 × 1.5, kaza kwa msalaba kwa toki renchi mpaka Nm 108 (Vitz na IST ni 103), rudia baada ya kilomita 50. Wenye Swift, March au Subaru, zenu ni 12 × 1.25, nati ya 1.5 ikilazimishwa inaua stadi.

Tairi za mbele zinaliwa upande wa ndani tu baada ya kushusha. (Msomaji, Manyoni)

Hukufanya alaimenti. Gari likishuka, tairodi na mkono wa chini vinabadilisha pembe kila kimoja kwa duara lake, na tairi za mbele zinaacha kutazama sambamba. Zinaburuzwa kwa ubavu, kilomita hadi kilomita. Watu wanalaumu kulala kwa tairi kwa ndani, lakini kulala kwa nyuzi moja au moja na nusu hakuli tairi haraka hivyo. Pima bushi na boljointi kwanza, kisha alaimenti, tofauti ya kutazama ya tairi za mbele iwe karibu na sifuri. Irudie baada ya wiki tatu springi zikishatulia.

Upepo niweke ngapi kwa 195/50R15, nasafiri Dodoma kwenda Dar? (Msomaji, Kibaigwa)

Anza na namba ya karatasi ya mlangoni, ongeza psi 2, kwa hiyo kwa magari mengi haya utakuwa 34 hivi. Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Ukifika Morogoro mchana ukakuta 38, usitoe hata kidogo. Ni joto, na ukiupunguza hapo tairi itakuwa laini kesho asubuhi.