Pikipiki milimani: mnauliza kupanda, nawajibu na kushuka

Mvua zikikatika Nyanda za Juu Kusini, maswali ya safari za pikipiki huanza kumiminika. Safari hii wengi ni wale wanaotaka kulala njiani kwa mara ya kwanza, siku tatu, nne au zaidi. Nimechagua machache. Karibu wote mnauliza pikipiki itapandaje mlima, na mmoja tu ndiye aliyegusia kushuka, tena kwa kujisifia jambo ambalo ningependa aliache leo hii. Kwa hiyo nitalizungumza hata pale ambapo sikuulizwa.

Niko Uyole, nina pikipiki ya cc 150. Nataka siku tatu nipite Tukuyu, Matema, Kitulo, Makete na Njombe, nimalizie Iringa. Ramani ya simu inaonyesha saa chache tu kila siku. Zinatosha?

Hazitoshi. Ramani ya simu haijui ukungu wa Isyonje, haijui lori lililolala katikati ya kona, na haijui kwamba wewe hujawahi kukaa juu ya pikipiki kutwa nzima.

Huku kwetu usipange kwa kilomita, panga kwa saa za mwanga. Ondoka saa moja na nusu asubuhi, ukungu ukianza kuinuka, na saa kumi jioni uwe umeshaona kitanda chako. Hapo una saa nane na nusu. Toa kula, toa pancha moja, toa mvua ya kujikinga kwenye kibaraza cha duka, toa picha utakazopiga. Zinabaki saa tano za kuendesha. Kwenye lami yenye kona na malori, hesabu kilomita 40 kwa saa. Kwenye vumbi hesabu 20, na usione aibu.

Kwa hiyo fanya siku tano. Ya kwanza, shuka Tukuyu hadi Matema, ulale ziwani. Ya pili, rudi Tukuyu taratibu, pumzika, kagua cheni na breki. Ya tatu, rudi hadi njia panda ya Isyonje, upande Kitulo, ulale Makete. Hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote, na kabla ya kuianza waulize madereva wa Isyonje hali ya barabara ilivyo wiki hiyo. Ya nne, Makete hadi Njombe, ni fupi, na utashukuru kwamba ni fupi. Ya tano, Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa. Hizo ni zaidi ya kilomita 200, na kuanzia Makambako uko kwenye barabara kuu pamoja na malori ya Zambia na Kongo.

Kwa nini naigawa siku ya pili na ya tatu? Matema iko mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo anayetoka ziwani na fulana hadi Kitulo kwa siku moja anapoteza nyuzi 12, na upepo wa mwendo haumo kwenye hesabu hiyo. Vidole vikifa ganzi utaweza kuvuta mafuta, maana hilo halihitaji nguvu. Kitakachokushinda ni kuminya breki. Na ukishamaliza kupanda, kinachofuata ni mteremko.

Mwezi gani ni mzuri?

Nimejibu hili kila mwaka na milima haijahama: Juni hadi Oktoba. Juni na Julai asubuhi majani ya Kitulo na Makete huwa meupe kwa umande ulioganda, kwa hiyo usiondoke mapema kwa sifa. Anayetaka maua ya Kitulo aende wakati wa mvua, kati ya Desemba na Machi, na akubali utelezi. Rungwe haina kiangazi cha kuaminika, hivyo koti la mvua libebwe hata Agosti.

Cc 125 itaweza, au nisubiri ninunue kubwa?

Itaweza. Pikipiki ndogo unayoijua breki zake ni bora kuliko kubwa uliyoinunua juzi.

Mimi ni bodaboda wa muda mrefu, njia ya Chimala na Matamba. Kwenye mteremko nazima injini na kuweka gia huru, inaserereka yenyewe hadi chini. Naokoa mafuta. Safari ya siku nne nikifanya hivyo milima yote si nitaokoa sana?

Ndugu yangu, nimekusoma mara mbili. Barabara unayoitaja ina kona 57, watu huiita kwa idadi hiyo. Nimesimama chini yake jioni nikiwatazama mnavyoshuka. Pikipiki inakuja kimya, na magunia mawili ya viazi nyuma yamefungwa kwa mipira ya tyubu iliyochanwa. Kinachosikika ni tairi kwenye kokoto na breki inayolia. Dereva mguu wa kulia kaukandamiza kwenye breki tangu juu. Akifika chini anatema mate kwenye ngoma ya gurudumu la nyuma, na mate yanachemka.

Mate yakichemka, jua kwamba breki hiyo imeshaanza kukuaga. Breki inazuia kwa kusuguana, msuguano unaleta joto, na joto likizidi ile bitana ndani ya ngoma haishiki tena. Unakanyaga, mguu unazama, pikipiki inaendelea. Ukiwa na gia, injini yenyewe ingekuwa inakushikilia, na breki ungeigusa tu kabla ya kona. Umeikata injini, umeibakishia breki kazi yote, tena na magunia mgongoni. Na ukija kushtuka ukachomeka gia kwa mwendo ule huku injini imezimwa, gurudumu la nyuma linajifunga ghafla na linakwenda linakotaka lenyewe. Ukishazima swichi, kwa kawaida honi na taa navyo vinakwenda. Kwenye kona ambayo anayepanda hakuoni, unashuka bila sauti na bila mwanga.

Sasa tufanye hesabu ya huo uokoaji. Tuseme pikipiki yako inakwenda kilomita 40 kwa lita, na mteremko ni kilomita 10. Hata kama ingekunywa mafuta kama kwenye tambarare, ingetumia robo lita. Lita ikiwa shilingi 3,000, umeokoa shilingi 750. Na kwa kuwa mteremkoni mkono wa mafuta unakuwa umefungwa, ukweli ni pungufu ya hapo. Kufunga bandeji mara moja zahanati kunaweza kukugharimu zaidi, na hapo sijagusa mfupa.

Shuka hivi. Tumia gia ile ile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo, ya pili au ya kwanza, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, kwa breki ya mkono na ya mguu pamoja, kisha achia, kata kona. Usikalie breki ya mguu. Kwenye kokoto breki ya mkono iguse kwa vidole viwili, polepole, wala usiiminye ukiwa umelala na kona. Ukihisi mguu unazama, simama pembeni robo saa ngoma ipoe, na usiimwagie maji.

Na kwa kuwa safari yako ya siku nne itakutoa kwenye vumbi ikupeleke barabara kuu, sikia na hili. Kitonga, Inyala, Mlima Nyoka, Iwambi: kote huko malori yanashuka na tani nyingi, na si yote yana breki. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, kali, kama raba na chuma, kuna lori karibu ambalo breki zake zimechemka. Kama liko nyuma yako, toka barabarani kabisa, lipite. Usijiambie utalikimbia hadi bondeni. Kama liko mbele, liache liende zake. Kwenye kona za Kitonga lori la tela huhitaji njia yote, na magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele, kwa hiyo ile nafasi unayoiona ubavuni mwake itafungwa wakati umo ndani. Hapo haiovateki pikipiki wala baiskeli.

Naweza kwenda na mke wangu na mtoto wa miaka minne? Tutakwenda polepole.

Hapana. Pikipiki ni dereva na abiria mmoja, mishikaki hairuhusiwi mjini wala mlimani. Mama na mtoto wapande basi mkutane Tukuyu. Kama ataenda mama peke yake, naye avae helmeti inayomkaa, mkanda umefungwa kidevuni, si ile ya kuazima inayoning'inia kwenye usukani hadi mkiona trafiki.

Shikamoo. Pikipiki yangu ikifika juu kule Kitulo inakosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Fundi anasema tutoboe silensa. Ushauri wako tafadhali.

Marahaba. Acha silensa yako kama ilivyo, na huyo fundi umwachie kazi ya pancha. Juu kule hewa ni nyepesi. Ukilinganisha na pwani, kwenye mita 2,600 inapungua kwa karibu robo. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumimina petroli kwa kipimo kile kile cha kule bondeni, kwa hiyo mafuta yanazidi hewa, plagi inakuwa nyeusi na nguvu zinapungua. Hilo si ugonjwa. Safisha chujio la hewa kabla ya safari, beba plagi moja mpya, panda kwa gia ndogo bila kuibana, na ukishuka Njombe utaona imerudi. Kabureta ambayo fundi mbunifu ameirekebisha kwa ajili ya kule juu itakuunguzia injini ukirudi chini, kwa sababu hapo petroli itakuwa chache. Pikipiki zenye mfumo wa sindano ya kielektroniki badala ya kabureta hujirekebisha zenyewe, ingawa nazo nguvu zitapungua kiasi.

Nibebe nini?

Pungufu ya unavyofikiri. Tyubu mbili, maana ya mbele na ya nyuma kwa pikipiki nyingi hazilingani. Pampu, spana inayoingia kwenye nati za magurudumu yako (ijaribu nyumbani, usiamini macho), kebo ya klachi, kiungo cha cheni, plagi, plaizi, na mipira ya tyubu ya kufungia. Mavazi: koti na suruali ya mvua, sweta mbili, glavu, buti zinazofunika kifundo, tochi, kizibao chenye reflekta. Mzigo mzito ufungwe chini na karibu na wewe. Begi refu juu ya keria hukusukuma kwa nyuma kila ukifunga breki mteremkoni. Leseni yenye daraja la pikipiki, kadi na bima viwe ndani ya nailoni ngumu isiyoingia maji.

Wanaoniuliza kama glavu ni za lazima, someni tena jibu la kwanza.

Tuko watano. Nani atangulie? Na Njombe na Iringa ulanzi ukoje jioni?

Mwenye pikipiki dhaifu au uzoefu mdogo awe wa pili, nyuma ya anayeijua njia. Mwenye vifaa na mtulivu kuliko wote awe wa mwisho. Kila njia panda mnasubiriana, pembeni mahali palipo wazi, kamwe si kwenye kona. Anayetaka mashindano arudi nyumbani siku ya kwanza, kabla hajawaharibia wenzake siku ya tatu.

Ulanzi, pombe ya mianzi, ni wa msimu wa mvua, na ni mtamu, na unaendelea kuchacha hata baada ya kuununua. Ule wa asubuhi si ule wa jioni. Kunyweni mkiwa mmeshafika, pikipiki zimefungwa, ufunguo uko kwa asiyekunywa. Na kesho yake anayeamka kichwa kinauma hateremki mlima hadi apone. Nimeona vijana wazima wakizikwa kwa sababu ya lita moja ya ulanzi na kilomita tatu za kurudi gesti.

Sheli zipo njiani au nibebe kidumu?

Jaza Uyole, jaza Tukuyu, jaza Njombe. Petroli ya chupa vijijini ni ya dharura tu: itazame kwenye mwanga, maji hutuama chini. Kidumu usikifunge karibu na silensa.

Niko Iringa mjini, sijawahi kuendesha milimani kweli kweli. Nianzie wapi mazoezi?

Una bahati, mlima uko mlangoni kwako. Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache, chukua ile barabara ya kutoka mjini kushuka Ipogolo. Ishuke kwa gia ya pili bila abiria, ukihesabu ni mara ngapi umegusa breki. Geuza, panda, ishuke tena, na kila mara ujaribu kugusa mara chache zaidi huku mwendo ukiwa ule ule. Ukifika chini weka kiganja karibu na ngoma ya nyuma bila kuigusa. Ikiwa bado inakuchoma kwa mbali, rudia Jumapili ijayo. Ikiwa vuguvugu, funga mfuko wenye uzito wa begi utakalosafiri nalo na uanze upya, kwa sababu mzigo utabadilisha kila kitu ulichojifunza. Kisha jaribu mara moja lami ikiwa imelowa, polepole, na buti zako mpya miguuni.