Picha zinazolipa si zile unazozidhani

Vijana wengi wa hapa Mwanza hunitumia picha ya jua likizama nyuma ya Jiwe la Bismarck, na swali huwa lilelile: "Kaka, hii inauzika?" Picha yenyewe inavutia kweli. Lakini jua linazama kila siku na kila mwenye simu yupo pale ufukweni. Mnunuzi anatafuta picha ya kumsaidia kueleza jambo lake, awe mhariri wa jarida Ulaya au ofisa masoko wa benki hapa mjini: mama lishe anapokea malipo kwa simu, fundi anaziba pancha ya bodaboda, mkulima anapima pamba.

Picha zangu zinazouzika zaidi zinatoka Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la dagaa. Kuna moja ya mpagazi mwenye gunia kichwani, magamba yamemganda begani yanang'aa, na kushoto kwake ni ukuta mtupu. Huo ukuta ndio uliouza picha. Mtu wa matangazo anahitaji mahali pa kuweka maandishi yake, na picha iliyojaa kila kona haimfai hata ikiwa nzuri vipi. Siku hizi kila tukio nalipiga picha ya mlalo na ya wima, tena naacha nafasi upande mmoja.

Kwenye maghala ya picha mtandaoni, yaani tovuti unakopakia picha zako wateja wakazilipia, usitarajie utajiri. Adobe Stock wanampa mpiga picha 33% ya bei. Shutterstock wanaanzia 15% na unapanda ngazi kadiri unavyouza, ila kila tarehe 1 Januari unarudishwa chini, na kuna mauzo yanayokuingizia senti 10 tu za dola. Kwa malipo hayo, picha chache hazitakufikisha popote. Ghala linataka mtu anayepakia kila wiki bila kuchoka. Simu nzuri inatosha kuanzia, mradi picha isiwe na chenga, zile nukta nukta za kwenye giza. Maelezo andika kwa Kiingereza, utaje kazi inayofanyika, mji na nchi.

Halafu kuna makato. Maghala yatakujazisha fomu ya kodi ya Marekani iitwayo W-8BEN, ijaze. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuondoa kodi mara mbili, kwa hiyo mauzo yanayotoka Marekani hukatwa 30%. Adobe Stock hawakulipi mpaka ufikishe dola 25, na Alamy, ghala jingine, dola 50. Wenzetu wa Kenya wanahamisha pesa ya PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, kwenda M-Pesa tangu 2018. Huku kwetu, kabla hujapakia hata picha moja, hakikisha una njia ya kupokea pesa, siyo ya kulipia tu.

Sasa suala la idhini, na hapa sibembelezi. Sura ya mtu ikitambulika, huwezi kuiuza kwa matangazo bila fomu aliyosaini mwenyewe. Mtoto anasainiwa na mzazi. Fomu nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo mwelezee kwa Kiswahili hadi aelewe kwamba sura yake inaweza kutokea kwenye bango la kampuni asiyoijua. Asipotaka, mshukuru uondoke. Akikubali, mpe chochote, na umpelekee nakala iliyochapishwa. Wale mama wa Mwaloni siku hizi wananiita wenyewe. Bila fomu, bado Alamy wanapokea picha kwa matumizi ya habari. Angalia na nembo: jezi ya Yanga au kreti ya soda ikionekana, ghala litaikataa kwa matangazo.

Ila kusema kweli, pesa ya maana nimeipata hapahapa mjini. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanahitaji picha za ripoti kila mwaka, na nyumba za wageni zinahitaji za tovuti na za kutundika vyumbani. Uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na ankara, la sivyo mhasibu atakuzungusha. Na usiuze picha, uza matumizi yake: andika kwenye ankara kwamba ni kwa tovuti, mwaka mmoja, si kwa mabango. Hoteli moja ililipia picha za tovuti, kisha nikaikuta picha yangu kwenye bango barabarani. Nilipeleka ankara ya pili ikiwa na ile ya kwanza nyuma yake, wakalipa bila maneno mengi. Nchini kwetu hakimiliki ni yako tangu unapoipiga picha, chini ya sheria ya mwaka 1999, hata kama hujaisajili COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania. Lakini karatasi inapunguza mabishano.

Picha za fremu huwa naacha kwenye duka la zawadi kwa mali kauli, nalipwa zikishauzwa. Wateja hupenda ndogo zinazoingia kwenye begi la ndege, kubwa zinakaa ukutani miezi. Kila unapopeleka mzigo mpya, hesabuni pamoja zilizobaki, mwenye duka asaini kwenye daftari lako, na kioo kikipasuka dukani mjue mapema nani analipa.