Nenda Kiwanjani Kwanza: Kwa Wanaoanza Kazi za Ardhi

Mwaka wangu wa pili katika uwakili nilimwandalia mama mmoja mkataba wa kununua kiwanja Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Hakuna kilichokosekana: picha za pande zote mbili, dole gumba, mashahidi wanne, muhuri wangu. Fedha zilihesabiwa juu ya meza yangu. Miezi minne baadaye mama akarudi na bahasha ileile mkononi. Alikuwa amepeleka lori la mchanga, akakuta mafundi wa mtu mwingine wanachimba msingi. Mtu huyo naye alikuwa na mkataba, wa tarehe ya nyuma kuliko wetu, na majirani wote walimtambua. Mimi sikuwa nimekanyaga Chanika hata mara moja.

Wewe unayeanza, uwe wakili au msaidizi wa kisheria, vifungu utavijua tu. Nakuomba ujifunze mapema kutoka nje ya ofisi.

Kiwanja kilichopimwa na chenye hati kina mahali pa kuanzia. Omba upekuzi, yaani kuangaliwa kwa kumbukumbu za umiliki, kwa Msajili wa Hati, usome jina la mmiliki, muda wa umiliki uliobaki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Picha ya hati anayokutumia dalali kwenye simu si upekuzi. Kisha nenda na mpima ardhi mkatafute bikoni, vile vigingi vya mipaka. Nimewahi kushika hati halali kabisa, huku mnunuzi akiwa ameonyeshwa kiwanja cha jirani, kile kizuri cha karibu na barabara.

Ardhi isiyopimwa ndiyo utakayokutana nayo zaidi pembezoni mwa Dar es Salaam, na daftari lake ni majirani. Nenda bila dalali na bila muuzaji. Jumapili jioni ni nzuri, watu wako nyumbani. Salimia vizuri, ukaribishwe kiti ukae. Usiulize, "Ni kweli fulani anauza hapa?" maana umeshamlisha mtu jibu. Uliza, "Hapa ni kwa nani?" halafu nyamaza. Ukisikia majina mawili, au mtu akamtazama mwenzake kabla ya kujibu, mwambie mteja wako asitoe hata shilingi. Ofisi ya serikali ya mtaa pia upite, kwa kuwa migogoro mingi huanza kusikika pale. Ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa mahali pengine ili mwenyekiti ashuhudie mauziano haimo katika Sheria ya Ardhi; ikitajwa, omba risiti.

Mzee mmoja wa Mkuranga aliniletea karatasi ya daftari la shule ya mwaka 1994, imekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Mpaka wa mashariki uliandikwa "hadi mwembe mkubwa". Mwembe ulikwishakatwa. Tukaenda naye. Alitembea polepole akihesabu minazi, akasimama, akafukua magugu kwa ncha ya bakora, na kisiki kikatokea. Tulikipiga picha, tukachukua vipimo vyake kwa simu, na baraza la ardhi lilipokuja kutembelea eneo la mgogoro tulisimama palepale. Bila mzee kutembea siku ile, karatasi yake ingekuwa na maneno tu.

Uliza pia habari za nyumbani kwa muuzaji, na uulize bila haya. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwanamume akikuambia hana mke, muulize jirani. Akiwa na wake wawili, tafuta ni yupi anayeishi katika nyumba inayouzwa, na umwone mwenyewe, ana kwa ana, mumewe asiwepo karibu. Sahihi iliyoletwa kwenye karatasi kutoka nyumbani imeshaleta machozi mengi mno.

Kama mwenye mali amefariki, atakayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Katika mirathi ya Mahakama ya Mwanzo uteuzi wake unaonekana kwenye Fomu Na. 4. Muhtasari wa kikao cha ukoo haumpi mtu mamlaka ya kuuza, hata ukiwa na sahihi ishirini. Na hata fomu ikiwepo, kaa na warithi uwasikie. Ardhi ya kijiji nayo ina mlango wake: bila idhini ya halmashauri ya kijiji, mauziano hayo mahakama itayaita batili.

Mgogoro ukishazuka, jambo la kwanza ni tarehe. Dai la kurudisha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu hesabu huanza siku aliyofariki, si siku msimamizi alipoteuliwa. Vijana wengi huteleza hapo. Lakini aliyekaribishwa tu kulima au kukaa hawi mwenye ardhi kwa kukaa muda mrefu, kwa hiyo chunguza aliingiaje.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu, linapatanisha. Anzia huko upate uthibitisho kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite, ndipo uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika maombi yako eleza eneo lenyewe: kitalu na namba kama lipo kwenye ramani, na kama halijapimwa, taja ukubwa na anayepakana naye kila upande. "Shamba lililopo Kisarawe" ni mwaliko wa pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka kesi ifutwe kabla ya kusikilizwa, na mteja atalipia nauli na miezi kwa uvivu wako. Ardhi ikiwa imeuzwa, muunganishe muuzaji pamoja na mnunuzi katika kesi. Msimamo huo wa mahakama ni wa tangu mwaka 1983, na bado kesi zinafutwa kwa kuusahau.

Yule mama wa Chanika nilimsimamia bila ada. Mnunuzi wa kwanza alishinda, na ilikuwa haki yake, kwa kuwa muuzaji alipokuja kwangu hakuwa tena na kitu cha kuuza. Aliamriwa kurudisha fedha za mama. Tulipotaka kukaza hukumu, yaani itekelezwe, tulikuta alikuwa mpangaji wa chumba kimoja, amehama, na mwenye nyumba hakujua alikoelekea. Mama alikuwa ameweka akiba ile kwa miaka tisa ya kuuza mihogo na samaki. Siku hizi, kabla fedha hazijatoka, naomba muuzaji anipeleke mpaka anapoishi.