Maswali yenu: ndege, maji na Mto Sabaki

Nilipoandika juma lililopita kuhusu matembezi yangu kando ya Mto Sabaki, hapa kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, sikujua kwamba wapiga picha wa ndege ni wengi hivi. Nimechagua maswali machache, mengine nimeyafupisha.

Dada, nilitoka Mombasa usiku, mbalamwezi njia nzima, nikafika Sabaki Jumamosi saa nne asubuhi na lenzi ya milimita 400 niliyoiazima kwa tabu. Niliona matope tu na vidoa vya ndege kule mbali. Hao unaowapiga picha wewe huwa wapi?

Ndio hao hao, vidoa. Pole sana. Kosa si la lenzi, ni la maji. Kama mwezi ulikuwa mpevu, basi ilikuwa bamvua, yaani siku za maji makubwa, na huku kwetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Saa nne ya asubuhi ndiyo hasa yamekupwa. Yakipwa, tope lote la mlango wa mto hubaki wazi na ndege hutawanyika kula mpaka mwisho kabisa. Hapo hata ungekuwa na lenzi ndefu kama mtaimbo usingewafikia.

Safari ijayo hesabu siku kabla ya kuazima lenzi. Kila siku maji huchelewa kama dakika arobaini hadi hamsini, kwa hiyo siku ya nne au ya tano baada ya mwezi mpevu, au baada ya mwezi mwandamo, hujaa asubuhi wakati jua bado ni laini. Ukishindwa na hesabu, muulize mvuvi yeyote, hahitaji hata kufikiri. Fika kama dakika tisini kabla hayajajaa, tafuta fungu la mchanga ambalo bado ni kavu, keti chini karibu nalo na utulie. Usiwafuate ndege. Maji yatawasogeza kwako, kwa sababu kila dakika tope la kulia linapungua na wao wanabanana palipobaki.

Mwezi wa pili nilikaa hivyo, suruali imelowa mpaka kiunoni, nikawatazama vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wakisogea. Wimbi likija walikimbia mbele yake, likirudi walilifuata wakidonoa, na kila mara mstari wao ulikuwa umenikaribia hatua moja. Mwishowe mmoja alisimama kwa mguu mmoja, akaficha mdomo mgongoni, karibu nami kiasi kwamba lenzi ilikataa kushika fokasi. Nilimwona chembe za mchanga kwenye goti. Picha sina.

Jambo jingine: asubuhi jua hutokea baharini. Ukisimama upande wa bara ukiangalia bahari, kila ndege atatoka mweusi. Zunguka, bahari iwe mgongoni mwako. Alasiri ni kinyume chake.

Mimi nina simu tu. Kila ndege hutoka kama inzi. Niache?

Usiache, ila acha kuvuta picha kwa vidole kwenye kioo. Ule si ukaribu, ni ukungu. Simu ni hodari wa mandhari, basi mpe ndege nafasi ndogo ndani ya picha kubwa: yangeyange mmoja, yule ndege mweupe wa miguu mirefu, mto mwekundu, mikoko nyuma. Wapige pia ndege waliozoea watu. Pale wavuvi wanapoparua samaki, korongo husimama hatua tano tu akisubiri utumbo. Ukipata darubini ya kuazima, weka kamera ya simu kwenye tundu moja la kutazamia na uishike kwa mkono usiotetemeka. Utapoteza picha tisa, ya kumi itakushangaza.

Yangeyange wangu hutoka kama karatasi nyeupe, manyoya hayaonekani.

Kamera imeona maji meusi yaliyomzunguka, ikadhani kuna giza, ikaongeza mwanga. Upunguze wewe kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, kile chenye alama za + na -: anza na 0.7 chini ya sifuri, jua likiwa kali shuka hadi 1. Picha itaonekana nyeusi kidogo, lakini kivuli unaweza kukiinua nyumbani. Manyoya yaliyoungua hayarudi.

Ni msimu gani mzuri zaidi, kaskazi au kusi?

Inategemea unamtaka nani. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mto uko chini, anga ni safi, na ndege wageni wa kutoka kaskazini ya mbali wamejaa. Jioni zake ni za keremkerem wekundu, wanaorudi makundi kwa makundi kulala kwenye mikoko. Jua likiwagusa tumboni dakika kumi za mwisho, utasahau kubonyeza.

Kusi ni kazi. Upepo unatikisa lenzi na mchanga unaingia kila tundu. Niliwahi kubadilisha lenzi ufukweni mwezi wa saba, mara moja tu, na tangu siku hiyo kamera ile husaga kama kinu. Lakini ndio wakati wa wale ndege wadogo wa kahawia wanaozaliana Bukini, yaani Madagaska, kisha wakavuka bahari kuja kwetu. Hukamata wadudu angani kama mbayuwayu na hulala mchangani, rangi yao na mchanga ni moja. Watu hutoka mbali sana kuja Sabaki kwa ajili yao, na sisi huwapita tukienda Mambrui bila kugeuza shingo.

Mimi binafsi napenda mapema Aprili. Mvua za mwaka zikianza huko juu, mto hushuka mwekundu kama uji wa wimbi, na bahari yenyewe hubadilika rangi hadi mbele ya mji wa Malindi. Wakati huo huo baadhi ya vitwitwi, waliokuwa wa kijivu miezi yote, wamevaa rangi ya matofali tayari kwa safari ya kurudi kuzaliana. Ndege wekundu juu ya maji mekundu, wiki mbili tatu tu, kisha wameondoka.

Rafiki yangu huwarushia heroe kokoto ili waruke, na kusema kweli picha zake ni nzuri. Ni vibaya?

Ni vibaya, na hizo picha nina shaka nazo. Ndege aliyekurupushwa hukupa mgongo, kwa hiyo rafiki yako ana mkusanyiko wa mikia. Kwa wale vitwitwi ni balaa zaidi. Mwezi wa tatu wanajaza mafuta mwilini ili warudi hadi Siberia, na kila ukiwarusha unawachomea akiba hiyo. Msubiri furukombe, yule tai mla samaki. Akipita juu, fungu zima la mchanga litaruka lenyewe, heroe, au flamingo kama wengi mnavyosema, na wote walio karibu. Weka kasi ya shata 1/2000 ya sekunde mapema, maana hapo hutapata muda wa kugusa kitufe.

Ni kweli kuna viboko?

Kweli, na mamba pia. Alfajiri na magharibi, saa zile zile tunazozipenda sisi, kiboko huwa njiani kati ya malisho na maji. Usikae kati yake na mto. Nenda na kijana wa kijiji cha Sabaki anayejua njia zao, na umlipe vizuri.

Mimi niko Nairobi, nauli ya Malindi sina. Nianzie wapi?

Anzia hapo ulipo, maana mto wetu ni mmoja. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ukikutana na Tsavo huitwa Galana, na Galana ukikaribia bahari ndio Sabaki. Nenda Msitu wa Karura, ukae kimya kando ya kijito umsubiri fundichuma, ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, ambaye hatembei haraka na husimama sana. Kwa anayejifunza hakuna mwalimu bora. Tena Nature Kenya, shirika la uhifadhi, wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, wakianzia Makumbusho ya Taifa, na humo wamo watu watakaokutajia jina la ndege kwa kusikia mlio tu.

Na takataka zenu hunifikia huku pia. Nina picha ya buabua, ndege wa baharini, amesimama juu ya jerikeni la manjano, mbawa nusu wazi, likielea kuelekea baharini. Nimeichukia miaka miwili, lakini ndiyo kali kuliko zote nilizonazo.