Nyota tele kwenye simu, mbona daftarini anakosa?

SWALI: Salaam aleikum, mwalimu. Mwanangu yuko gredi ya tatu hapa Kisauni. Programu ya hesabu kwenye simu yangu ameimaliza kwa nyota tatu tatu kila ngazi, lakini shuleni 52 toa 17 kaandika 45. Muuzaji ananiambia nilipie ile kamili, shilingi 1,500 kwa mwezi. Nilipe?

JIBU: Waaleikum salaam, dadangu. Usilipe.

Hiyo 45 imenieleza mengi kuliko nyota zote. Katoa 1 kwenye 5, akapata 4. Kwenye mamoja akaona 7 haitoki kwenye 2, akaigeuza: 7 toa 2, ni 5. Kutoa anajua. Hajaelewa tu kwamba ile 5 ni makumi matano, na kumi moja hufunguliwa. Mpe vijiti avifunge kumi kumi kwa raba, mafungu matano na viwili kando, kisha umwombe 17. Fungu moja atalifungua mwenyewe, wala usimwambie lini. Vibaki 35 mkononi mwake ndipo ashike penseli.

Kinachonichosha ni hizi nyota. Kila muhula mzazi ananiletea simu kama cheti! Kaa kando yake kimya umtazame: majibu manne, anabonyeza la kwanza, simu inalia kuwa kakosa, la pili, inalia tena. Kama kukosea hakumpunguzii kitu, hata paka akipita juu ya kioo atavuka ngazi.

Si kwamba zote ni takataka. Jirani zetu wa Tanga, watoto vijijini walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili, na mwaka 2019 watunzi wawili wa programu hizo, Kitkit School na onebillion, wakagawana tuzo ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE. Lakini zile zilitungwa zimfundishe mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu tangu mwanzo. Hawa wanaosimama kwenye mageti ya shule na vipeperushi vya "kuamsha ubongo" wanauza kasi. Mtoto anataja majibu mbio mbio, mzazi anapiga makofi, na hakuna anayemuuliza, "Umejuaje?"

Akirudi huyo muuzaji, mwambie aiwashe programu mbele yako, aandike 45, muone programu inamfanyia nini mtoto baada ya huo mlio wa kosa. Akianza habari za katuni na rangi, mpe chai aende zake.