Ukitoka mawinguni juu ya ziwa, usikimbilie kuchungulia nje

Ushauri huu nilifundishwa na mtumbwi wa dagaa.

Asubuhi moja ya masika nilikuwa na mwalimu wangu kwenye ndege ndogo ya Cessna 172, tunarudi Mwanza tukitokea upande wa ziwa. Mawingu yalikuwa yamelala chini, na ndiyo tuliyoyafuata. Ruhusa ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa kufuata geji bila kutegemea kuona nje, tulikuwa nayo. Mazoezi ya kukaribia uwanja nilishayafanya mengi nikiwa nimevaa ile kofia ya ukingo mrefu inayokuzuia kuona nje, nikajiona nimeiva. Tulipotoboa wingu nikainua macho kwa furaha. Maji ya kijivu, manyunyu ya kijivu, mbingu ya kijivu, na mstari wa kuvitenganisha haupo. Kisha nikaona mtumbwi umelala ubavu kama unataka kuzama.

"Mtumbwi uko sawa," mwalimu akasema taratibu. "Uliyelala ni wewe. Rudi kwenye geji, mwanangu."

Ndege ilikuwa imeinama kushoto nyuzi 20 hivi, nami sikuhisi lolote. Majimaji ya sikio la ndani ndiyo yanayotuambia tunageuka, na mgeuko wa polepole hayaushtukii. Ile kofia haikufundishi hili vizuri, maana mwanga wa jua hupenya pembeni ukakuibia majibu, kama mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani. Kwa hiyo wingu lako la kwanza la kweli liingie ukiwa na mwalimu, na ukitoka chini yake macho yabaki kwenye vyombo mpaka uone taa au lami ya uwanja. Kuona maji hakuhesabiki.

Jambo la pili linawahusu hasa waliojifunzia pwani. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, karibu futi 3,720. Altimita, ile geji ya kimo inayohesabu kuanzia usawa wa bahari, ikisoma futi 4,500, mtu wa Dar anaona bado ana nafasi tele, kumbe kati yake na sangara hazifiki futi 800. Mimi huandika kimo changu cha kughairi, yaani kile ambacho nikikifikia sijauona uwanja naacha kutua na kupaa tena, kwenye karatasi pajani kabla ya kuanza kushuka, na hukitamka kwa sauti. Nimejiwekea kimo cha juu kuliko kile cha kwenye chati. Wanaotaka kunicheka na wacheke.

Kushuka kwenyewe ni hesabu ya sokoni: kwa mteremko wa nyuzi 3, zidisha mwendo wako juu ya ardhi kwa 5. Mwendo wa noti 90 (maili 90 za baharini kwa saa), unashuka futi 450 kwa dakika.

Barafu ya kwenye mbawa haitusumbui kwenye mawingu ya chini huku, ila kabureta ya injini inaweza kuganda hata siku ya joto kwa sababu ya unyevu. Cha kuogopa ni radi. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya ziwa lenye maji ya vuguvugu, na ngurumo huweza kudumu mpaka asubuhi. Wingu tulivu la kijivu ni darasa. Lenye radi ndani yake niachie mimi nikalitazame kutoka Capri Point, nchi kavu pale Mwanza, kikombe cha chai mkononi.

Siku ile tulighairi, tukapaa, tukazunguka upya. Mara ya pili sikuinua macho hadi mwalimu aliposema ameziona taa. Mtumbwi ulikuwa bado pale, safari hii umekaa wima.