Jua linakunywa maji kiasi gani Mtera?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Kila nikipita bwawa la Mtera kwenda Iringa mwezi wa kumi nakuta maji yamekimbia mbali na ukingo. Jamaa mmoja kwenye basi alisema maji mengi pale hunywewa na jua kuliko mashine za umeme. Ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini bwawa lisifunikwe? Nauliza pia kwa sababu kijijini kwetu, wilaya ya Mpwapwa, tunataka kuchimba lambo.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Jamaa yako ametia chumvi, ila si nyingi.

Tupige hesabu. Mtera likijaa, maji hutanda karibu kilomita za mraba 600. Milimita moja tu ikitoka juu ya eneo hilo, umepoteza mita za ujazo 600,000. Kiangazi cha kwetu hula milimita tano au sita kwa siku bila shida. Tuseme tano: ni mita za ujazo milioni tatu kila siku, sawa na 35 kwa sekunde. Sasa linganisha na kituo chenyewe. Kina mashine mbili za megawati 40 kila moja, na maji huanguka kama mita 100, kwa hiyo zote zikizunguka kwa nguvu zote hupitisha takriban mita za ujazo 90 kwa sekunde. Zima mashine moja, na jua linakaribia kunywa sawasawa na ile iliyobaki. Kwa bahati nzuri, maji yakishuka uso nao hupungua, na jua hupunguziwa sahani.

Hasara haiishii hapo. Maji yanayotoka Mtera hushuka na mto Ruaha Mkuu hadi kituo cha umeme cha Kidatu, ambako huanguka tena kama mita 175. Tone lililopaa Mtera limevikosa vituo vyote viwili. Zile mita 35 kwa sekunde zingepita kote, zingetoa kama megawati 85, zaidi ya uwezo wote wa kituo cha Mtera.

Wengi hudhani kinachohusika ni joto peke yake. Ingekuwa hivyo, Dar es Salaam ingetushinda. Lakini fua shati Dar, fua jingine Dodoma, uone lipi linatangulia kukauka. Hewa ya huku ni kavu, na upepo wa kiangazi haupumziki. Unaondoa mvuke juu ya maji na kuleta hewa nyingine yenye kiu. Ndiyo maana hata Julai, tukiwa tumevaa masweta, maji yanaendelea kupungua.

Tunapimaje? Kwa beseni la bati lenye upana wa sentimita 121 na kina cha sentimita 25, limewekwa juu ya fremu ya mbao. Kila saa tatu asubuhi mpimaji anasoma maji yameshuka milimita ngapi, kisha anaongeza mvua kama ilinyesha. Juu huwekwa wavu, maana mbuzi na ndege wakinywa utaandika kwamba jua lilikuwa kali. Beseni hupata moto ubavuni kuliko bwawa, hivyo tunazidisha kwa 0.7 hivi: beseni likisema milimita tisa, bwawani ni sita na kitu.

Kufunika? Los Angeles waliwahi kumwaga mipira myeusi milioni 96 kwenye bwawa moja, hasa kulinda ubora wa maji. Bwawa lile lina hekta 71 hivi. Mtera lina 60,000, lina mawimbi, na lina wavuvi wanaotafuta perege humo. Paneli za jua zinazoelea nazisikia kila kwenye mkutano. Ukifunika asilimia moja ya uso, unaokoa asilimia moja ya maji yanayopaa, basi. Faida yake halisi ni kwamba mchana paneli zinazalisha na maji yanabaki yakisubiri jioni, lakini paneli za nchi kavu nazo hufanya hivyo.

Dawa ya kweli hutolewa kabla ya ujenzi, wakati wa kuchagua bonde. Jua hulipisha uso wa maji, halijali kina. Kituo cha umeme cha Kihansi kina bwawa dogo sana, lakini maji huanguka kama mita 850 na kutoa megawati 180. Mtera ni pana na halina kina kikubwa. Hata hivyo nisingelilaumu: lilijengwa kwanza kuwa ghala la Kidatu, na kituo chake chenyewe kilikuja baadaye, 1988. Bila ghala hilo, mafuriko ya masika yangepita Kidatu mengi yakienda bure, na mwezi wa kumi mngekaa gizani.

Kuhusu lambo lenu. Kuanzia Mei hadi Novemba litapoteza zaidi ya mita moja kwa jua peke yake, kabla ya ng'ombe wa kwanza kunywa na kabla ya udongo kufyonza. Lambo la mita mbili litakuwa tope kabla mvua haijarudi. Pesa ikiwa ya kuchimba ujazo fulani, chimbeni kina cha mita nne au tano na mpunguze upana. Pandeni miti upande upepo unakotokea, ila si juu ya tuta, mizizi italipasua. Na kama mna korongo la mchanga mnene, ulizieni kwanza ukuta wa kuzuia mchanga: maji yaliyo mita moja chini ya mchanga, jua haliyafikii, na akina mama wa huko wanayafukua kila kiangazi.